Bungua mweusi wa matawi (Xylosandrus compactus): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kumfahamu

Bungua mweusi wa matawi ni mdudu gani?

Ni mbawakawa mdogo sana, mweusi, ambaye hafikii milimita mbili kwa urefu. Jike hutoboa kitawi kibichi, huchonga chumba ndani yake, hupanda kuvu kwenye kuta za chumba hicho, kisha huwalea watoto wake kwa kuvu hiyo.

Jina lake la kisayansi ni *Xylosandrus compactus*. Yumo katika familia ya Curculionidae pamoja na fukusi wa nafaka, ingawa yeye na jamaa zake wa kundi la Scolytinae hawana ule mdomo mrefu unaomtambulisha fukusi. Mjerumani Eichhoff ndiye aliyemweleza kisayansi katika miaka ya 1870, naye Reitter akaunda jenasi ya *Xylosandrus* mwaka 1913. Ukikuta maandishi ya zamani ya kilimo cha kahawa barani Afrika yakimtaja *Xyleborus morstatti*, ujue ni huyu huyu.

Kama anaishi ndani ya kitawi, je, anakula mbao?

Hapana, na ukilishika jibu hili mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe. Mbao anayoitafuna huisukuma nje kama unga. Chakula chake, na cha mabuu wake, ni kuvu anayoilima. Kuvu kuu kati ya hizo ni *Ambrosiella xylebori*, na jike huibeba mwilini kila anapohama (tazama "Jike hubebaje kuvu?").

Wadudu wanaoishi hivi huitwa mbawakawa wa ambrosia. Kundi lake, Xyleborini, limekuwa likilima kuvu kwa takriban miaka milioni 20. Binadamu alikuwa hajapanda hata punje moja. Kitawi kwake ni shamba: kikiwa na unyevu wa kutosha kuvu hustawi, kikikauka mno mavuno hukoma na watoto hufa njaa.

Anatofautiana vipi na ruhuka na bungua mweupe wa kahawa?

Wote watatu hutoboa mibuni, yaani miti ya kahawa, lakini kila mmoja ana mahali pake. Ruhuka (*Hypothenemus hampei*) ni jamaa wa karibu, naye mdogo na mweusi, ila hutoboa tunda kwenye kitovu chake na kula punje iliyo ndani. Bungua mweupe (*Monochamus leuconotus*) ni mdudu mkubwa wa sentimita tatu hivi, mwenye papasi ndefu, na mabuu wake huchimba shina karibu na ardhi.

Ukiona tundu kwenye tunda, mshuku ruhuka. Ukiona unga mwingi chini ya shina pamoja na tundu kubwa la duara, mshuku bungua mweupe. Kitawi kikikauka peke yake katikati ya matawi mabichi, endelea kusoma.

## Kumtambua

Dalili ya kwanza ni ipi?

Ni kitawi kinachonyauka huku jirani zake wakiwa wazima. Majani huanza kulegea ndani ya siku tano hadi saba baada ya jike kuanza kuchonga, kisha hugeuka kahawia na baadaye meusi. Mara nyingi hayaanguki upesi. Hubaki yakining'inia, na ndiyo maana shamba lililoshambuliwa sana huonekana kwa mbali kama lililoguswa na moto hapa na pale.

Ukishaona kitawi cha namna hiyo, kigeuze. Tundu la kuingilia huwa upande wa chini, ni la duara kamili na upana wake haufiki milimita moja, kama palipochomwa na pini. Kazi ikiwa bado mbichi utaona unga mweupe mdomoni mwa tundu. Mvua na upepo huuondoa haraka, kwa hiyo kukosekana kwa unga hakumaanishi kwamba hakuna mdudu.

Nikipasua kitawi nitaona nini?

Pasua kwa urefu, taratibu, kuanzia kwenye tundu. Utaona njia fupi inayoingia moja kwa moja hadi kwenye kiini, halafu chumba kirefu chembamba kinachofuata urefu wa kitawi. Kuta zake hubadilika rangi na kuwa kahawia au nyeusi, na chumba kikiwa bado kinakaliwa hufunikwa na utando mwororo mweupe: hiyo ndiyo kuvu.

Ndani ya chumba hicho familia yote huishi pamoja. Mayai, mabuu, pupa (hatua ya buu kugeuka mdudu kamili) na watoto waliokwisha kukomaa huchanganyikana, bila kila buu kuwa na njia yake. Hili ni jambo zuri la kutambulia, kwa sababu mabuu wa wadudu wengi wanaokula gome au mbao huchimba kila mmoja mfereji wake. Mama naye mara nyingi utamkuta karibu na mlango.

Nitamtambuaje mdudu mwenyewe kwa lenzi?

Jike aliyekomaa ana urefu wa milimita 1.4 hadi 1.9, ni mweusi anayeng'aa, na mwili wake ni mnene wa mviringo kama pipa. Ukimtazama kutoka juu hutakiona kichwa, maana kimefunikwa na pingili ya mbele ya kifua. Pingili hiyo ina ukingo wa mviringo wenye meno madogo kwa mbele. Mabawa magumu ya juu hushuka ghafla upande wa nyuma, na kwenye mteremko huo kuna safu za nywele zilizosimama. Papasi ni fupi, zimepinda katikati, na ncha zake ni kama rungu lililokatwa kwa mshazari.

Alama mbili zinaonyesha kwamba uko kwenye jenasi ya *Xylosandrus*, na zote zinahitaji darubini ya maabara. Ya kwanza ni kishungi kidogo cha nywele mahali ambapo kifua kinakutana na mabawa. Ya pili ni kwamba miguu ya mbele imeachana kwenye mashina yake badala ya kugusana. Kwa lenzi ya mkononi unaweza kusema "huenda ni yeye" na usiende mbali zaidi ya hapo. Kwa kazi ya shambani hiyo inatosha. Kwa kutangaza kwamba amefika nchi mpya, haitoshi hata kidogo.

Nimepata wengine wa rangi ya kahawia. Ni spishi nyingine?

Kwanza angalia kama wamo chumba kimoja na mweusi. Jike aliyetoka kwenye pupa huanza akiwa na rangi hafifu ya kahawia na kuwa mweusi taratibu akingali ndani, kwa hiyo huenda ni binti zake. Ukipata mmoja mdogo kuliko wote, wa milimita moja hivi, mwekundu-kahawia na mabawa ya kurukia yaliyodumaa, huyo ni dume.

Kama wote waliokomaa ni wa kahawia, mfikirie *Xylosandrus morigerus*, ambaye ana ukubwa unaokaribiana na tabia zinazofanana mno. *Xylosandrus crassiusculus* ni mkubwa zaidi, hufikia karibu milimita 2.9, na mteremko wa mabawa yake haung'ai kwa kuwa umejaa vichembe. Huyo pia husukuma unga nje ukiwa umeshikamana kama vijiti vyembamba vilivyosimama kwenye gome, alama ambayo bungua mweusi kwa kawaida haiachi.

Je, kunyauka huku hakuwezi kuwa mnyauko fuzari?

Kunaweza, na kuchanganya mawili haya kuna gharama kubwa. Mnyauko fuzari wa kahawa unaletwa na *Fusarium xylarioides*, huingia kwenye mfumo wa maji wa mti wote, na mbuni ukishaugua hufa. Dawa yake ni kung'oa na kuchoma. Mkulima akiukosea mti wenye bungua kwa mti wenye mnyauko, atang'oa mbuni ambao ungepona kwa kupogolewa tu.

Tazama mpangilio. Bungua huua kitawi kimoja kimoja, kuanzia mahali palipo na tundu kuelekea ncha, na sehemu iliyo kati ya tundu na shina hubaki mbichi kwa muda. Mnyauko huushika mti mzima au upande mzima, na ukikwangua gome la shina utakuta michirizi ya bluu-nyeusi kwenye mbao. Hakuna tundu, hakuna chumba. Kukiwa na shaka, pasua vitawi kadhaa kabla ya kushika jembe.

## Anakopatikana

Asili yake ni wapi, na sasa yuko wapi?

Asili yake ni Asia ya Mashariki, katika maeneo ya tropiki na yale yanayopakana nayo. Siku hizi yumo karibu katika ukanda wote wa tropiki: India, Sri Lanka, Vietnam, Malaysia, Indonesia, Afrika Magharibi na ya Kati, Afrika Mashariki, Madagaska, Morisi, Brazili na visiwa kadhaa vya Pasifiki.

Nchini Marekani alionekana Florida mwaka 1941 na baadaye akasambaa katika majimbo ya kusini-mashariki. Hawaii nayo ina historia chungu naye. Amekuwa adui wa mashamba ya kahawa, na msituni amechangia sana kupungua kwa mehamehame (*Flueggea neowawraea*), mti wa asili wa visiwa hivyo ambao sasa umo hatarini kutoweka. Mtu akisema mdudu huyu ni tatizo la wakulima wa kahawa tu, mwonyeshe mti huo.

Hali ikoje Afrika Mashariki?

Uganda ilimripoti kwa mara ya kwanza mwaka 1993, wilayani Bundibugyo, magharibi mwa nchi. Tangu hapo amesambaa katika maeneo mengi yanayolima kahawa ya aina ya robusta, na sasa anahesabiwa miongoni mwa wadudu wabaya zaidi wa zao hilo. Nchini Tanzania anajulikana mkoani Kagera, kwenye robusta vilevile. Ukanda huu unaozunguka Ziwa Viktoria una robusta nyingi, miti ya kivuli na hali ya unyevu, mambo matatu anayoyapenda.

Anaishi kwenye nchi zenye baridi?

Si kwenye baridi kali, ila anavumilia zaidi ya walivyodhani wengi. Mwaka 2011 aligunduliwa Italia, katika mkoa wa Campania, kisha akaonekana Liguria na Toscana. Mwaka 2016 aliharibu vibaya vichaka vya asili katika hifadhi ya taifa ya Circeo, kusini mwa Roma. Amefika Ufaransa pia, kwenye pwani ya Mediterania, na kisiwa cha Mallorca nchini Hispania. Huko hushambulia mimea kama mlora, mkarobu na mwaloni wa kijani kibichi. Wakati wa baridi majike hujificha ndani ya vitawi vilivyokwisha kuharibiwa na kutoka hali ya hewa ikipata joto.

Anasafirije kutoka bara moja hadi jingine?

Ndani ya mmea. Miche, vipandikizi, mimea ya mapambo na magogo yenye matawi vinatosha. Tundu la upande wa chini wa kitawi halionekani kirahisi na mkaguzi anayepitisha maelfu ya miche kwa siku, na dalili za kunyauka hujitokeza mzigo ukiwa umeshaondoka. Maumbile yake ya uzazi humsaidia zaidi, kama inavyoelezwa katika "Je, jike mmoja anatosha kuanzisha kizazi kipya?"

## Maisha yake

Jike hubebaje kuvu?

Kati ya pingili ya kati ya kifua na ile ya mbele kuna kifuko maalumu. Kabla ya kuondoka nyumbani, jike kijana huchukua mbegu za kuvu kutoka kwenye kuta za chumba alimozaliwa na kuzihifadhi humo. Akishatoboa kitawi kipya, kuvu hutoka kifukoni na kuota kwenye kuta. Kile kishungi cha nywele kilichotajwa kwenye utambuzi kipo kwenye mlango wa kifuko hiki.

Dume hana kifuko. Hana pia safari ya kufanya.

Mzunguko wa maisha huchukua siku ngapi?

Karibu mwezi mmoja katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kuanzia jike kutoboa hadi mabinti kuruka. Mayai ni meupe, ya duaradufu, yenye urefu wa takriban milimita 0.3, nayo hutagwa kwa rundo chumbani kuvu ikishaanza kuota. Huanguliwa baada ya siku chache. Mabuu ni weupe-maziwa, hawana miguu, na hupitia hatua mbili tu za ukuaji kabla ya kuwa pupa. Watoto waliokomaa hawatoki papo hapo: hukaa ndani wakikauka ganda, wakila na kujamiiana.

Ukanda wa tropiki hauna majira ya kusimamisha kazi hii. Vizazi hufuatana mwaka mzima na kupishana, hivyo katika shamba moja, siku moja, utakuta mayai kwenye kitawi hiki na mabinti walio tayari kuruka kwenye kile. Ndiyo sababu ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hausaidii kitu.

Kwa nini majike ni wengi kuliko madume?

Yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Kwa kuwa watoto wa chumba kimoja hujamiiana wao kwa wao kabla ya kutoka, dume mmoja anatosha dada zake wote, na mama haoni faida ya kuzaa wengi wa aina hiyo. Kwa kawaida huwapo majike tisa hivi kwa kila dume. Dume huishi na kufa ndani ya chumba alimozaliwa.

Je, jike mmoja anatosha kuanzisha kizazi kipya?

Ndiyo. Anapotoka nyumbani huwa ameshapata mbegu za kaka yake, na kuvu ameibeba. Hahitaji kutafuta mwenzi wala chakula, kinachobaki ni kitawi tu. Kwa wadudu wengi wavamizi, wachache wanaofika nchi mpya hushindwa kwa sababu hawakutani. Kizuizi hicho kwake hakipo.

Hata jike ambaye hakujamiiana hajafungiwa njia kabisa. Katika kundi lake la Xyleborini imeonekana kwamba jike wa namna hiyo hutaga mayai ya madume, kisha hujamiiana na mwanawe mmojawapo na kuanza kuzaa majike.

Huruka lini, na umbali gani?

Hutoka zaidi kuanzia mchana kuelekea alasiri. Kwa mabawa yake anaweza kufika mita 200 na zaidi, na upepo humsogeza. Umbali huo ni mfupi kwa nchi lakini ni mrefu kwa mashamba yanayopakana, kwa hiyo jirani asiyepogolea atakurudishia wadudu hata ukiwa umesafisha kwako.

Kama hali kitawi, kwa nini kitawi hufa?

Kuna sababu zaidi ya moja, na zinashirikiana. Chumba chenyewe hukata sehemu ya njia za maji, na kwenye kitawi chembamba hiyo si sehemu ndogo. Halafu kuna kuvu zinazoingia pamoja naye. Mbali na ile anayoilima, vyumba vyake mara kwa mara hukutwa na *Fusarium solani*, kuvu ambayo yenyewe huweza kuua tishu za mmea. Kitawi kinachoshambuliwa hivi kutoka ndani hakina muda wa kujitibu.

Hapa pia ndipo anapotofautiana na wengi wa aina yake. Mbawakawa wengi wa ambrosia hungoja mti ulioanguka, ulioungua au unaokufa. Huyu huingia kwenye kitawi kizima chenye afya.

## Mimea anayoishambulia

Anashambulia mimea gani?

Zaidi ya spishi 200 kutoka familia zaidi ya 60. Uwezo huo unatokana na kwamba hali mmea: mradi kitawi kinaweza kuotesha kuvu yake, jina la mmea halimjalishi sana. Kahawa, kakao, parachichi, mwembe, chai, mlichi, makadamia na mikangazi wote wamo, pamoja na okidi za mapambo.

Kinachomjalisha zaidi ni unene. Anapenda vitawi vyembamba, chini ya sentimita mbili hivi. Kwenye kitawi kama penseli mara nyingi hukaa jike mmoja, na kwenye tawi nene kidogo unaweza kukuta matundu mengi ya majike tofauti.

Kati ya kahawa ya robusta na ile ya arabika, ipi huumia zaidi?

Robusta. Arabika nayo hushambuliwa, hasa mahali ambapo mazao yote mawili yanakaribiana, lakini taarifa za hasara kubwa barani Afrika zinatoka kwenye robusta.

Kitawi kilichokufa kitachipua tena?

Kwa mbuni, hili ndilo pigo lenyewe. Matawi ya pembeni yanayozaa kahawa huota mara moja tu kwenye kila kifundo cha shina. Likifa lote hadi shinani, kifundo hicho hakitoi jingine. Mbuni utatoa maotea yanayosimama wima, na hayo yakikuzwa yatazaa matawi mapya ya pembeni, lakini hiyo ni kazi ya misimu.

Kwa hiyo usihesabu hasara kwa kahawa iliyokaukia kwenye tawi mwaka huu pekee. Tawi hilo lingezaa mwaka ujao pia. Nadhani hapa ndipo wengi wanapomdharau mdudu huyu: matawi mawili matatu makavu kwa kila mti yanaonekana machache, hadi uyajumlishe kwa shamba zima na kwa miaka.

Nikate miti ya kivuli?

Usiikate yote. Kivuli kizito chenye unyevu humfaa bungua, na baadhi ya miti ya kivuli humlea: *Albizia chinensis* inajulikana Uganda kwa kushambuliwa sana na kuwa chimbuko la wadudu wanaohamia kwenye mibuni. Lakini mbuni uliochomwa na jua na kukosa maji nao hudhoofika. Punguza matawi ya miti ya kivuli ili mwanga na hewa vipite, na unapopanda mipya chagua ile isiyojulikana kuwa makazi yake.

## Kumdhibiti

Nikate wapi, na nikifanyie nini kitawi?

Kata kuelekea shina, sentimita kadhaa kupita tundu la mwisho, hadi uone mbao nyeupe safi isiyo na doa katikati. Kama kiini bado ni cheusi, rudi nyuma zaidi. Kisha choma vitawi siku hiyo hiyo.

Kuvikata na kuviacha chini ya mbuni ni kazi bure. Mayai na mabuu wachanga wanaweza kufa kitawi kikikauka, lakini pupa na majike waliokomaa wanaweza kumaliza ukuaji na kuruka. Mahali ambapo moto hauruhusiwi, vifunge kwenye mfuko mzito wa plastiki usiopitisha hewa na uuache juani hadi vikauke kabisa.

Muda ndio unaoamua. Dalili huonekana ndani ya wiki moja, mabinti huruka baada ya mwezi hivi. Una takriban wiki tatu za kuwawahi. Pita shambani kila baada ya wiki mbili ukiwa na mkasi, na usingoje kitawi kiwe cheusi kabisa, maana kufikia hapo mara nyingi chumba kimeshahamwa.

Kwa nini nimenyunyizia dawa na hakuna kilichobadilika?

Kwa sababu dawa imebaki nje na mdudu yuko ndani. Karibu maisha yake yote hupita kwenye chumba kilichozibwa na mbao pande zote, na jike huwa wazi kwa saa chache tu anapohama. Tena hatafuni gome ili alimeze: hulitema. Dawa ya kugusa humpata tu ikiwa iko kwenye gome wakati anapotoboa.

Viuawadudu vinavyosafiri ndani ya mmea vimejaribiwa, vingine vikichanganywa na dawa ya kuvu kwa wazo kwamba kuua chakula ni kuua mlaji. Vinaweza kusaidia kwenye vitalu au shamba lililozidiwa, ukifuata viwango vilivyoidhinishwa kwa zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Havichukui nafasi ya kupogolea.

Mitego inafanya kazi?

Inafanya kazi ya kukuarifu. Mimea iliyo kwenye shida hutoa ethanoli (aina ya alkoholi), na mbawakawa wa ambrosia huifuata harufu hiyo. Chupa yenye madirisha, ethanoli kama chambo na maji ya sabuni chini itakuonyesha kama majike wameanza kuruka. Itanasa pia spishi nyingine nyingi, kwa hiyo pitia tena sehemu ya utambuzi kabla ya kuhesabu. Kama njia ya kumaliza wadudu, peke yake haitoshi.

Ana maadui wa asili?

Anao. Nchini Uganda sisimizi wadogo wa jenasi ya *Plagiolepis* wamekutwa wakiingia vyumbani na kula mabuu na pupa. Huko Java anajulikana nyigu mdogo, *Tetrastichus xylebororum*, anayezaliana kwenye mabuu. Kuvu *Beauveria bassiana* huua majike wanaoigusa. Kunyunyizia dawa kali kila mahali kunawaondoa hawa kwanza, ilhali bungua amejificha.

## Maswali yasiyo ya kila siku

Nimeona tundu, nimepasua, hakuna mdudu. Vipi?

Yawezekana jike alianza akaacha, na hapo utakuta njia fupi isiyo na chumba. Au kuvu haikuota. Au wote wameshaondoka: mabinti hutokea kwenye mlango ule ule alioingilia mama, kwa hiyo hakuna tundu la pili la kukuonyesha kwamba wamehama. Chumba kirefu cheusi kisicho na mtu maana yake ni kwamba umechelewa kwa kitawi hicho, na vitawi vya jirani vikaguliwe mara moja.

Mti mzima unaweza kufa?

Mti mkubwa ni nadra. Miche na mimea michanga ni jambo jingine, kwani shina lake lina unene ule ule anaoupenda na tundu moja linaweza kuumaliza. Kwenye kitalu, mche ulionyauka ghafla upasuliwe siku hiyo.

Anaweza kuingia kwenye samani au kuuma watu?

Hapana kwa yote mawili. Mbao kavu haioteshi kuvu yake. Unga unaomwagika kutoka kwenye viti na kenchi ni kazi ya wadudu wengine.

Nadhani nimempata mahali ambapo hajawahi kuripotiwa. Nifanye nini?

Usisafirishe vitawi vibichi, hata kwa nia njema ya kumwonyesha mtaalamu. Toa majike kadhaa kwenye chumba, waweke kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 70, au asilimia 95 ikiwa vinasaba vitapimwa, na ongeza madume kama umewapata. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ndani ya kichupa: jina la mmea, mahali, tarehe na unene wa kitawi. Piga picha ya kitawi, ya tundu na ya chumba kilichopasuliwa. Kisha wasiliana na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, na vitawi vilivyobaki uviteketeze papo hapo.